Kijiti Nilichokichoma

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipochoma moto kipimo cha dhahabu mbele ya mwenye dhahabu yake, na sikujua ninachofanya.

Nilikuwa kijana, mpimaji dukani kwa Muzee Kasereka, hapa hapa Bunia. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini watu bado walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni. Wachimbaji wa pande zote walikuja kwetu kwa sababu moja tu: waliiamini mizani yetu. Dhahabu kidogo tuliipima kwa vijiti vya kiberiti. Chembe sahani hii, vijiti sahani ile, na mwenye mali anaangalia bila kupepesa.

Juma lile nilikuwa nimeacha sigara, maana kifua kilinisumbua. Nilidhani kuacha ni kutonunua nyingine, basi. Lo! Kichwa kizito, usingizi wa kushtukashtuka, kila mtu ananiudhi, hata kuku wa jirani. Nikipima nasahau, nikisahau napima tena. Nikaanza kuamini kwamba akili yangu yote ilikuwa imebaki ndani ya pakiti.

Basi akaja Ngabu, mchimbaji kutoka migodi ya Kilo, mtu aliyekimbia vita zaidi ya mara moja. Nikaweka dhahabu yake, nikaweka vijiti. Mfukoni nilikuwa nimebakiza sigara moja ya dharura, ujinga mtupu. Sijui ilifikaje mdomoni. Mkono ukachukua kijiti kutoka kwenye mizani, ukakikwaruza, moto ukawaka.

"Weye! Unaunguza kipimo yangu!" Ngabu akaruka. "Munataka kuniiba muchana hivi?"

Watu wakajaa mlangoni. Nikamsikia mmoja akiuliza mimi ni wa kabila gani. Siku zile swali hilo lilitosha kuchoma duka, na si duka tu.

Muzee akatoka nyuma, akaichomoa sigara mdomoni mwangu, akampa Ngabu kiberiti kipya. "Papa Ngabu, chagula vijiti weye mwenyewe, upime na mukono yako. Huyu kijana aliacha tumbaku. Bongo yake iko inalia."

Ngabu akapima polepole. Alipomaliza, akanitazama nilivyokuwa nikitetemeka, uso ukamlegea. "Aa, kumbe njo hiyo? Miye wakati niliacha, niligombana na mbuzi yangu."

Watu wakacheka, wakatawanyika. Mimi sikucheka. Nilikuwa karibu kulia.

Baadaye Muzee akanikalisha. "Bongo yako ilizoea kulishwa ile kitu kila saa. Ukiinyima inakasirika, inakuambia bila sigara weye ni mujinga. Iko inakudanganya. Ile hamu inapanda, kisha inashuka. Kutetemeka haiko kosa. Kosa njo kuficha. Ungeniambia, ningekuondosha ku mizani."

Akanipa kazi ya kubeba maji mpaka kichwa kilipotulia. Kilitulia kweli, nikarudi kupima, na Ngabu aliendelea kutuletea dhahabu yake.

Ndiyo maana nakusemesha, wewe uendeshaye pikipiki hadi Komanda. Jana ulimfokea mkeo kwa ajili ya chumvi, kisha ukaniambia utavuta tena kwa sababu bila sigara huna akili. Akili unayo. Ubongo wako unajifunza upya kukaa bila nikotini, na siku za mwanzo ndizo chungu zaidi. Majuma yakipita, utulivu unarudi. Hamu ikipanda ukiwa barabarani, simamisha pikipiki, kunywa maji, ongea na mtu hadi ishuke. Mwambie mkeo ukweli, ajue anagombana na nini. Na ile sigara uliyoificha, najua unayo, itupe leo.

Mungu akutulize kichwa, akurudishe kwa watoto wako mzima kila jioni. Ukianza kutetemeka, usijifiche. Njoo utetemekee hapa kwangu.