Mahali pa Joto

Bado naikumbuka siku ile ya Julai, mwanangu, jinsi Furaha alivyoshuka garini na kukimbia kuukumbatia msonobari wa kwanza aliouona. Umeniambia likizo hii utawapeleka wanao kupiga kambi msituni, na umecheka nilipokuuliza mtajipashaje moto. Basi keti. Sikukatazi kwenda, ila nataka usikie kwanza.

Tulikuwa tunakaa Bertrams, chumba kimoja, mimi, Papa, Mama na Furaha, mdogo wangu aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Papa alikuwa mlinzi. Kila likizo ilipokwisha, wenzake Furaha walirudi shuleni na habari za mahema na msitu, naye hakuwa na la kusimulia. Alimsumbua Papa mpaka akakubali. Papa alipopewa ruhusa kazini ikaangukia katikati ya baridi, naye akasema twende hivyo hivyo. Akaazima hema na gari, na Mama akapakia sufuria, mablanketi na mbabula.

Mbabula, kama umesahau ya kwetu, ni lile jiko la mkaa. Kule Lubumbashi tuliliingiza ndani kila msimu wa baridi, na Bertrams tukaendelea vivyo hivyo. Dirisha letu la Bertrams lilikuwa na kioo kilichovunjika, tumeziba kwa boksi, na upepo ulipita pale mpaka Mama akachoka kumlalamikia mwenye nyumba. Hatukujua kwamba tundu lile ndilo lililokuwa likituweka hai.

Msituni kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Jua lilipozama tu, meno ya Mama yakaanza kugongana. Papa akaibeba mbabula yenye makaa mekundu aiingize hemani. Furaha akasimama mlangoni, akiyaonyesha yale makaa kwa kidole.

"Papa, ticha alisema makala inauaka mutu mu nyumba ya kufunga."

"Ni ule ticha njo alikuzala?" Papa akamjibu. "Siye tunalalaka na mbabula tangu kwetu, nani alikufa? Nyamaza, mutoto."

Akanyamaza. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Papa hakuwa mkali, usimfikirie vibaya. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Ndiyo maana alimpa mahali pa joto kuliko pote, karibu kabisa na mbabula, akafunga zipu ya hema na kuziba kingo za chini kwa blanketi ili upepo usimguse. Mimi nilitumwa kulala garini kulinda vitu. Nilikwenda nimenuna, nikiwaonea wivu.

Asubuhi nilimkuta Papa kifudifudi kwenye nyasi zilizoganda, nusu ya mwili nje ya hema, akitapika. Mama alikuwa hai, hajui alipo. Furaha hatukuweza kumwamsha. Alikuwa amejikunja akielekea kwenye jiko. Mbabula ilikuwa bado na vuguvugu, yeye hakuwa nalo.

Tuliporudi Bertrams, Papa alilitoa boksi dirishani na hakulirudisha, na moto haukuwashwa tena chumbani mle. Mama hakumlaumu hata kwa neno moja, na hakumsamehe pia. Tangu hapo, mtoto yeyote akisema kitu, hata wa jirani, Papa aliacha alichokuwa akifanya, akainama na kumwuliza, "Unasema je? Rudilia." Wengi walikuwa wakiomba peremende tu. Nilimwona akizeeka hivyo. Watu huniambia kwamba muda huponya, lakini mimi sijauona ukiponya.

Kwa hiyo, mwanangu, moto uache nje, hata wanao wakilia kwa baridi. Mtetemeke. Vaeni soksi juu ya soksi, mlale mmebanana, na hema liachwe wazi kidogo. Na mwanao akikuambia jambo alilolisikia shuleni, hata akilisema kwa Kiingereza, hata akikuaibisha mbele ya wageni, msikilize mpaka amalize. Tumewaleta nchi hii wasome, halafu wakija nyumbani na walichosoma tunawaambia wanyamaze.

Nenda salama na watoto wako. Mungu awalaze wote, na awaamshe wote.