Swali Kabla ya Pilau

Ada hii niliiokota nilipokuwa nikisoma Uingereza. Msichana niliyepanga naye alikuwa Myahudi, na mwaka mmoja akanichukua kwao kwenye Pasaka yao, karamu ya kukumbuka Wana wa Israili walivyotoka Misri. Wazee wameketi na vitabu mkononi, chakula kinanukia jikoni, nao wanamngoja mtoto mdogo kuliko wote aulize kwa nini usiku ule si kama usiku mwingine. Alipouliza, watu wazima wote wakamgeukia kumjibu kana kwamba hawana shughuli nyingine duniani. Nikajiambia, nikizaa, hili nitaliiba.

Nikazaa, nikasahau. Benki ikanipa cheo, na cheo kikaja na simu isiyolala. Hivi karibuni ndipo nilipogundua kuwa binti yangu wa miaka saba, akisema nami, huitazama simu yangu kwa jicho la mtu anayemtazama mke mwenzake.

Basi nikatangaza sheria nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Ghubra, ambako sote hula kila Ijumaa baada ya sala. Hakuna mkono kugusa sinia mpaka binti yangu, mdogo kuliko sote, aulize swali moja, na aliyeulizwa ajibu kweli tupu.

“Nimekupeleka Ulaya ukasome hesabu, umerudi na ada za Mayahudi,” mama akasema. “Na pilau yangu ipoe?”

“Nabii Musa si wetu pia, mama?”

“Musa wetu. Pilau yangu.”

Lakini alikubali. Ijumaa ya kwanza binti yangu akamuuliza kwa nini halua ya wageni anaificha nyuma ya gunia la mchele. Mama hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

“Kwa sababu wageni wakiiona wataila,” akajibu. “Na mie nnaipenda.”

Ijumaa iliyofuata zamu ilimwangukia kaka yangu, aliyekuja kutoka kwake Mawaleh na tikiti maji kubwa. Mtoto alitaka kujua vipi mjomba ana ugonjwa wa sukari na garini mwake mna vitumbua. Mkewe alikuwa ameketi ubavuni pake, kwa hiyo jibu lilichukua muda. Mimi ndimi niliyecheka kuliko wote. Nilijiona mlezi hodari, mwenye elimu ya kimataifa.

Ijumaa ya tatu akanigeukia mimi.

“Mama, jana garini nilikwambia nini?”

Nilikumbuka foleni ya magari pale Ruwi. Nilimkumbuka mteja aliyekuwa akilalamika kwenye spika ya simu, neno kwa neno. Nilikumbuka hata taa nyekundu tuliposimama. Mtoto sikumkumbuka kusema chochote.

“Uliniambia habari za jino lako.”

“Hilo juzi.”

“Mchoro wako?”

“Hapana.”

“Mwambie shule,” kaka akaninong'oneza. “Shule haikosi kuwamo.”

Mama akamwambia anyamaze. Pilau ilikuwa haitoi moshi tena.

“Sijui, mwanangu,” nikasema. “Sikukusikia.”

“Ulisikia. Ulinijibu.”

“Nilijibu nini?”

“Ulisema, ‘Vizuri sana.’”

“Nawe ulikuwa umeniambia nini?”

“Nilikwambia rafiki yangu kahama. Hatorudi tena.”

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, lakini huzuni ilizidi aibu, kwa sababu mtoto hakuwa akinishitaki. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza kweli. Tangu jana yake alikuwa akitafuta peke yake uzuri wa jambo lile, kwa kuwa mama yake amesema upo.

Kaka akanyoosha mkono kwenye sinia. Mama akaurudisha.

“Hajajibiwa bado,” akasema.

Nikamwambia binti yangu kwamba si vizuri hata kidogo, na kwamba mama yake alijibu asilolisikia. Nikamwomba anieleze upya.

“Yote?” akauliza.

“Yote.”

Akasogea karibu, akatazama kwanza mikono yangu yote miwili; haikuwa na simu. Kisha akasema yeye na rafiki yake walikuwa wakikaa dawati moja, na sasa mwalimu amekiondoa kiti cha mwenzake.