Weupe wa Koo Mbili

Baada ya chakula cha mchana chumba cha fundi cherehani kilijaa mwanga wa rangi ya asali, naye alisinzia kidogo mguu ukiwa bado juu ya pedali. Chini ya meza ya kukatia vitambaa, ndani ya masanduku ya plastiki yaliyotobolewa matundu ya hewa, walilala mijusi-chui wake, wale wenye mikia minene na ngozi ya madoadoa. Wenzake walifuga kuku. Yeye alifuga mijusi, na katika usingizi ule mwepesi aliota rangi zao kama anavyoota vitambaa, zikifunguka pindo baada ya pindo.

Lakini siku hizi ndoto zilikuwa na mwiba.

Jike wake alikuwa mweupe kama maziwa, asiye na doa jeusi hata moja. Dume, mweupe vilevile, alitoka kwa mdogo wake, fundi redio. Fundi cherehani alijua kwamba weupe huu hujificha: hauonekani mpaka mtoto aurithi kwa baba na kwa mama. Basi mweupe kwa mweupe, angepata nini kama si weupe? Mayai yakapasuka. Kila kitoto kikachomoza na milia myeusi kama lami.

"Umenipiga changa la macho," alimwambia mdogo wake mbele ya wateja. "Dume wako umempaka rangi!"

"Dada, mjusi anapakwa rangi kwa brashi gani?"

"Tapeli wewe!"

Tangu hapo mdogo wake, aliyezoea kupita kila jioni kunywa chai yake na kumtania kuhusu miwani yake, hakukanyaga tena pale. Kikombe chake kilibaki kimefunikwa rafuni.

"Labda jike wako alichepuka," alisema msusi, shoga yake, aliyechangia naye chumba.

"Kafungiwa na dume huyo tu. Atachepuka na nani, na pasi?"

Mchana mmoja mteja aliacha mashati mawili ya shule. Yote hayakufunga. La kwanza lilikuwa na matundu mazima ya vifungo, ila upande wa vifungo umechanika. La pili lilikuwa na vifungo vyote, ila upande wa matundu umeliwa na panya. Alitaka shati moja litokane na hayo mawili. Fundi akafumua, akachukua upande wa matundu wa lile na upande wa vifungo wa hili, akaunga. Akafunga kifungo kimoja, cha pili, cha tatu. Vidole vikasimama.

"Shoga, lile shati lilikuwa na kasoro gani?"

"Halifungi."

"Na hili?"

"Halifungi."

"Mbona mtoto wao anafunga?"

"Tangu lini mashati yakazaa?"

Fundi alikuwa ameshainama chini ya meza. Aliwaangalia mijusi machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa makini. Macho ya jike yalikuwa ya fedha. Ya dume yalikuwa mekundu. Weupe wao ulifanana kwa kuutazama tu; kila ukoo ulikuwa umepoteza kinasaba chake, chembe moja kati ya mbili za urithi zinazotengeneza weusi. Jike alikosa kifungo, dume alikosa tundu. Mtoto akachukua kizima kwa kila mmoja, na weusi ukafunga barabara.

Alitoka na sindano bado ikiwa kifuani mwa gauni lake. Barabara ilielea mbele yake kama kitambaa kinachokunjuka. Katika duka la redio mdogo wake hakuinua kichwa. Wateja walikuwa wamejaa.

"Nilikuita tapeli mbele za watu," alisema. "Nimekuja kukuita mkweli mbele za watu. Dume wako ni mweupe kweli. Ni weupe wa ukoo mwingine tu."

Fundi redio alizungusha kitufe, sauti ya redio ikapanda. "Sikusikia, dada. Redio inapiga kelele."

"Nimekosa, mdogo wangu!"

Akaizima. "Sasa vile vitoto vyenye milia utavitupa?"

"Nivitupe? Vimebeba weupe wa koo zote mbili, umelala ndani yao. Tukivioza vyenyewe kwa vyenyewe, baadhi ya wajukuu watatoka weupe."

"Tukivioza? Mimi na nani?"

"Kikombe chako kina vumbi," alisema dada yake. "Njoo ukioshe mwenyewe."

Jioni ile mwanga wa asali ulikawia dirishani. Walikaa sakafuni, vichwa vimegusana, wakikitazama kitoto chenye milia kikilamba jicho lake.