Mawe ya Jumapili

Redio ilikuwa ya mume wangu kwa jina tu. Aliinunua Kericho alikokuwa akifanya kazi, akaileta nyumbani Gesima amevaa tai, akaiweka juu ya kabati, akarudi zake. Lakini redio bila mawe haisemi kitu. Betri ndizo tulizoziita mawe siku zile, na mawe yalitoka kwa majirani. Kwa hiyo mtu asinidanganye: ile ilikuwa stesheni ya wasikilizaji. Aliyeleta jiwe alikuwa na haki ya kuketi na kusema, "Toa hizo habari, tafuta muziki!" Hata mume wangu alipokuja likizo aliambiwa anyamaze wakati wa rumba, akanyamaza.

Lo, tulivyoipenda! Jumapili baada ya Misa nyumba ilijaa wanawake, vidole bado vyeusi kwa kuchuma chai, tukizungusha kile kidude kutafuta Kongo, Kampala, Nairobi, popote penye gitaa. Wasabato Jumamosi walikuwa hawaigusi, lakini Jumapili walifika kabla yetu Wakatoliki, na mawe yao yalikuwa mapya. Yaliyochoka tuliyaanika juu ya bati. Yakichoka zaidi tuliyapanga ndani ya mwanzi, moja nyuma ya jingine, tukayaunga kwenye redio kwa waya. Mwanzi ukarefuka hadi ukatoboa ukuta wa udongo ukachungulia nje. Wapita njia waliuliza kama tumeanza kupika pombe ya chang'aa.

Baba mkwe wangu hakuwahi kuiona redio hiyo kwa macho. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni heshima, haina mjadala. Kuitoa nje nako kulitushinda, kwa waya wa kunasia mawimbi uliopanda juu ya mkaratusi na ule mwanzi ukutani. Basi yeye aliweka kigoda chake chini ya dirisha akasikiliza kutoka huko, jua au mvua. Tulizungumza hivyo, yeye nje mimi ndani, na nadhani ndiyo sababu tulizungumza sana.

Mzee alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi chetu kikubwa chenye sauti nzito. Watu wa redio walikuwa wamepita Kisii mjini na mashine yao, wakamrekodi, wakamwambia wimbo wake utatangazwa Jumapili moja. Jumapili ipi? Hawakusema. Watu wa mjini hao!

"Mama," aliniambia siku moja kupitia dirishani, "nimepiga obokano tangu sijaota ndevu. Kila nilipopiga palikuwa na pombe. Mlevi husifu hata mlango ukilia. Mimi sijui kama ninajua."

"Unajua, baba!"

"Wewe ni mke wa mwanangu. Ungesema nini tena?" Akakohoa. "Nataka niusikie wimbo wangu kama mpita njia. Mara moja tu, nijue ukweli, halafu nife vizuri."

Maneno hayo yaliniingia. Na ndipo redio nayo ikaanza kufa, sauti ikawa ya mbu.

Sikukubali. Jumamosi nilipanda juu ya benchi pale kituo cha kuuzia chai, wanawake wakiwa na vikapu vyao kwenye foleni, nikapaza sauti. Nilisema kwa Kiswahili changu cha shule, ili karani naye asikie, maana alikuwa mgeni kutoka pwani na tochi yake ilikuwa ndefu kama mchi. "Jamani! Kesho nataka mawe! Kila mtu aje na mawe yake! Na huyu karani hatutamwacha!"

Maskini karani! Aliiacha mizani ikining'inia akajifungia stoo. Akapiga kelele kutoka ndani kwamba kilo zetu hajaziiba, ni mizani. Tulicheka hadi vikapu vikamwagika. Alipoelewa, alifungua mlango kidogo akatoa mkono tu, mawe matatu ya tochi yake kiganjani. Nilimwambia aje naye asikilize, akaja.

Jumapili ile mwanzi ulijaa, redio ikanguruma. Tulingoja. Zikapigwa nyimbo za watu wengine, nyingine za watu wengine tena, na mzee akachoka. "Walinidanganya," akasema, akapeleka ng'ombe mtoni.

Hajafika mbali, mtangazaji akalitaja jina lake! Kwetu mke hatamki jina la baba wa mumewe, hata kwa bahati mbaya. Sasa kulisikia likitamkwa hivi hivi, na kijana asiyemjua! Sisi wake za wanawe wa boma lile tukaziba vinywa kwa mikono miwili. Obokano ikaanza kuvuma.

Tukasikia mbio nje. Mzee amerudi, anahema, fimbo inagonga ukuta. "Nani huyo? Mwizi! Wimbo huo ni wangu!"

Hakuitambua sauti yake. Angeitambuaje? Hakuwahi kuisikia kutoka nje ya kifua chake. Mke wa shemeji yangu alifungua mdomo amwambie, nikamfinya paja akatulia. Nilijua kwamba ukweli alioutaka utatoka sasa au hautatoka kamwe.

Fimbo ikaacha kugonga. Wimbo ukaendelea. Baadaye tukamsikia akisema polepole, kama anayejisemea, "Lakini mwizi huyu... jamani, sikilizeni mkono wake. Wazee wangu! Mimi sijawahi kupiga hivyo. Huyu anajua."

Hata karani wa pwani, ambaye haelewi neno moja la Ekegusii, alikuwa amevua kofia. Wimbo ukaisha.

"Mama!" mzee akaniita dirishani. "Jina lake nani? Huyo kijana wa redio amesema ni nani? Nitamtafuta hata kama anakaa Nyansiongo, nimpe mkono."

"Baba," nikamjibu, "jina hilo mimi siwezi kulitaja."

"Huwezi kwa nini? Nyinyi wengine, ni nani?"

"Sisi pia hatuwezi, baba," wakaitikia wake wote wa boma.

Kisha tukasikia kigoda kikipinduka, na mzee akaanza kucheka, akalia, akacheka tena. Sisi ndani tukapiga vigelegele, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi, na hakuna aliyewafukuza.