Dola Ilipopanda Jukwaani

Chirutha alijaliwa sauti. Karakana yao pale Kannur, kusini mwa India, ilijaa wakunja biri, zile sigara za majani, waliokaa chini safu kwa safu, na yeye alisikika hadi mlango wa nyuma. Ndiyo maana wenzake walimchagua awe msomaji wao. Asubuhi aliwasomea magazeti, mchana vitabu kuhusu ubepari na matabaka, nao wakamkunjia fungu lake la biri ili asipunjike ujira.

Mwanzoni alisoma kama kasuku. Lakini maswali hayakumwacha apumue, hasa ya Chathu, mzee mcheshi aliyekaa karibu naye.

"Tabaka nimelielewa," alisema Chathu siku moja. "Mimi na tajiri wetu hatuli sahani moja. Mtaji nao nauona, ndio huu, tumbaku na majani. Ila hiyo dola, mwanangu, inakaa mtaa gani?"

"Ndiyo mamlaka ya serikali, baba, inayomlinda mwenye mali."

"Basi tuialike chai, tuione sura!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Chirutha naye alicheka, lakini swali lilimkaa. Kufumba na kufumbua akatunga mchezo wa kuigiza.

Jumapili alasiri watu walifurika kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, ambako jukwaa la mbao lilikuwa limesimamishwa. Chathu, mto umefungwa tumboni, alikuwa tajiri. Chirutha alikuwa mfanyakazi. Dola hakuna aliyetaka kuiigiza, kwa hiyo wakaiwekea kiti kitupu.

"Nitagoma!" Chirutha alinguruma jukwaani.

"Goma uone!" Chathu akageukia kiti. "Ewe dola, njoo unisaidie!"

Hapohapo inspekta wa polisi akapanda jukwaani, fimbo mkononi.

"Simamisheni upuuzi huu!"

"Kosa letu nini, bwana?" aliuliza Chirutha.

"Mwenye karakana amelalamika!"

Shamba likalipuka kwa kicheko. Watu walipiga makofi, wengine wakagaragara kwenye mabua. Chathu akakisogeza kile kiti kwa adabu zote.

"Karibu, bwana. Tulikuwekea."

Hata askari wawili waliokuja na inspekta waliziba midomo, mabega yakiwatikisika. Inspekta, amewiva kwa hasira, akaamuru Chirutha na Chathu wapelekwe kituoni. Umati ukafuata nyuma kwa nyimbo, ukaketi mlangoni, akina mama wakabandika uji wa mchele na kuwapitishia wafungwa ndani. Kila inspekta alipochungulia dirishani, watu walimshangilia kama mwigizaji maarufu. Kabla jua halijazama akachoka.

"Tokeni! Wote! Mniachie kituo changu!"

"Bwana, sijamaliza uji," Chathu alilalamika.

Chirutha alimvuta mkono, akicheka hadi machozi. Alijua vyema kwamba kesho yake tajiri angekuwa bado tajiri, lakini jioni ile hakuna aliyemwogopa. Baada ya hapo vijiji viligombania mchezo wao, ikambidi awafundishe wenzake watatu kusoma kwa sauti, ili vitabu visilale akiwa safarini.