Siku Niliyomkana Baba kwa Ajili ya Kipaza Sauti

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka mpaka viatu nilivyovaa, maana vilikuwa vinanibana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Wundanyi juzijuzi, nikaajiriwa kuimba kwenye bendi ya hoteli moja hapa Doha, Qatar. Na sauti nilikuwa nayo! Usinione hivi nakohoakohoa.

Hoteli ilitaka nyimbo za Kihispania. Kiongozi wa bendi alikuwa Mzee Ruben, mpiga gitaa Mchicano. Wachicano ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na muziki wanaupenda kama sisi Wataita tunavyopenda kubishana. Yeye ndiye aliyenifundisha nyimbo hizo neno kwa neno, mchana, katika ukumbi mtupu.

Meneja akaniita kando. Ati wageni hawataamini Mkenya anaimba Kihispania, kwa hiyo nitatangazwa kama Marisol kutoka Kuba. Nikakubali papo hapo, wala sikuomba hata dakika ya kufikiri. Nilijiona nimepanda cheo! Mgeni akinisalimu kwa Kihispania, nilitabasamu nikakimbilia jikoni, maana nje ya nyimbo zile sikujua hata kuomba maji.

Basi siku hiyo, tukiwa mazoezini, akapita mhudumu mpya, kijana wa kwetu. Akasimama, uso umemchangamka.

"Dada, wewe si Wakesho, binti ya Mwalimu Mwakio? Baba yako ndiye aliyenifundisha kusoma!"

Meneja alikuwa pale pale. Nikaogopa siri ya Marisol ikienea, kazi itaota mbawa. Nikamtazama yule kijana kama mtu asiyejua Kiswahili, nikatikisa kichwa. Maskini, aliondoka akiniomba radhi.

Mzee Ruben akaniuliza kijana amesema nini, nikamweleza; akaweka gitaa chini. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Nilipokuwa shule," akasema, "mwalimu alinichapa kwa kusema lugha ya mama yangu, akaniandika Robert. Nimepiga gitaa miaka yote hii ndipo watu wakaniita Ruben. Mimi jina langu walininyang'anya, Wakesho. Wewe lako umelitoa mwenyewe, na baba yako ukamtoa pamoja nalo."

Mwanangu, nililia. Nikamfuata yule kijana jikoni, nikamwomba msamaha kwa Kitaita, na wapishi wote wakanikodolea macho. Kisha nikamwambia meneja: ama nitangazwe Wakesho wa Taita, ama atafute Marisol mwingine. Mzee Ruben alikuja akasimama kando yangu, gitaa lake limeshafungwa mkobani, tayari kuondoka nami. Meneja akafura, akazunguka, mwishowe akanitangaza huku amekunja uso kama aliyemeza dawa chungu. Wageni wakapiga makofi vile vile. Hakuna aliyeuliza habari za Kuba.

Sasa Ijumaa iliyopita, walimu Wachicano wanaofundisha hapa waliandaa sherehe ya kuwaenzi wanamuziki wao, katika ukumbi wa shule huko Umm Salal. Ukutani walibandika picha za maisha yao ya kazi: waliopiga kwenye harusi, waliorekodi, waliozeeka na magitaa yao. Mzee Ruben alisafirishwa kutoka Amerika, anatembea kwa mkongojo. Akaombwa awataje wanamuziki anaojivunia kufanya nao kazi. Akataja Wachicano wenzake, kisha akasema polepole, bila kukosea hata herufi: "Wakesho Mwakio, wa Wundanyi, Kenya."

Ukumbi mzima ukasimama. Baba yangu alikufa bila kuiona Qatar, lakini alitajwa Qatar, mbele ya watu, na kupigiwa makofi. Nikamwendea Mzee Ruben pale mbele, nikamshika mkono kwa mikono miwili.

Nakueleza haya kwa sababu nilikusikia kule kanisani Mesaimeer, ulipomaliza kuimba kwenye ibada, ukimwambia mgeni kwamba jina lako ni gumu, akuite tu Jei. Nani kakwambia ni gumu? Imba nyimbo za watu, jifunze lugha zao, zijue kuliko wenyewe ukiweza. Lakini ukiulizwa wewe ni wa nani, jibu kwa sauti, hata kama kazi iko hatarini. Kazi nyingine utaipata. Aliyekulea hana mbadala.

Mungu akulindie koo lako, akuzungushie watu wa kukugombeza unapokosea, na siku wakikusimamisha mbele ya watu, jina alilokupa mama yako lisikike mpaka mlangoni.