Busu la Aurore na Sketi ya Mathilde

Honorine Pélissier alikuwa na tabia ya kujifuta shavu la kushoto. Alijifuta akila, akishona, hata kanisani padri akiwa katikati ya sala. Wasiomjua walidhani ana upele. Mimi, niliyefanya kazi naye katika ukumbi wetu wa dansi ya baleti hapa Paris tangu tukiwa wasichana, yeye akivisha wachezaji na mimi nikipiga pasi, nilijua kwamba anafuta busu.

Busu lenyewe lilikuwa la Aurore, mchezaji aliyempenda kuliko wote. Enzi zile sketi za jukwaani zilikuwa za melimeli, kitambaa chepesi cha pamba, tabaka juu ya tabaka, zimetiwa wanga kidogo tu. Bibi zetu waliwahi kuwavisha wachezaji magauni mazito ya kufika sakafuni. Sisi tulizikuta sketi zimeshapanda, nyepesi mno, na msichana akiruka, sketi ilibaki hewani kitambo baada ya miguu kufika chini. Watu walikuja kuona kitambo hicho. Na pembeni kote mwa jukwaa ziliwaka taa za gesi, ndimi za moto wazi, hazina kioo wala aibu.

Amri ilikuwepo: kila sketi ichovywe kwenye maji ya shabu, ile chumvi ya mawe, ili isishike moto. Lakini shabu huifanya melimeli iwe ngumu na ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku, na wasichana hawakutaka hata kuisikia.

"Mama Honorine, unataka nitoke nimevaa turubai?" Aurore alimwambia. "Afadhali niungue kuliko kuchekwa."

Honorine alicheka. Hata mimi nilicheka, maana wote walisema hivyo hivyo. Akamvisha sketi nyeupe isiyochovywa, Aurore akambusu shavuni kwa furaha, akaenda kusimama pembeni kungoja zamu yake. Kabla ya kutoka, kila mchezaji huikung'uta sketi ili tabaka zifumuke. Aurore aliikung'uta, na upepo wake ukauvuta ulimi wa taa.

Sitaeleza zaidi. Alikaa kitandani majuma mengi ndipo akafa. Mpaka leo wanga ukiungulia kwenye pasi, mimi hutoka nje.

Tangu hapo Aurore alikuwa akimjia Honorine usiku. Hakuja ameungua. Alikuja mzima, kavaa nyeupe, anainama, anambusu shavuni.

"Angenitukana, Zélie, ningelala," Honorine aliniambia. "Lakini ananishukuru. Kila akija ananishukuru!"

Mimi si mtu wa mizimu. Nina ulimi mkali na akili zangu timamu. Lakini tulikaa chumba kimoja, na asubuhi nimeliona shavu lile likiwa jekundu, upande ambao hakuulalia. Niliogopa. Sikumwambia.

Miaka ikapita, akaletwa Mathilde. Msichana mwembamba, mdomo haufungiki, na miguu ambayo hata mafundi wa mapazia waliacha kamba zao kuitazama. Bwana Ferrand, mkuu wa wachezaji, akampa nafasi ya kucheza peke yake, mara ya kwanza. Ikiwa vizuri, angebaki mbele. Ikiwa vibaya, angerudi kwenye mstari wa nyuma na kuzeekea huko.

Akaja kwetu asubuhi ya onyesho hilo. "Mama, sketi yangu isiguse shabu, tafadhali. Nakuomba kama mama mzazi."

"Umesikia habari za Aurore?"

"Nani asiyezisikia? Mnatutisha nazo kama watoto wa chekechea. Mimi nina macho, mama, taa nitaiona."

"Aurore naye alikuwa na macho."

"Basi alikuwa mzembe!" Akaona uso wa Honorine, akalainika. "Haya, nisamehe. Nivishe nyeupe, nitakupa busu kubwa."

Honorine akajifuta shavu. "Sitaki busu lako," akasema. "Nenda."

Alipoondoka, Honorine akaichukua sketi, akaizamisha yote kwenye shabu, na ndani ya maji akatia buluu ya kufulia ili kuua manjano. Nilimwambia, "Shoga, umerogwa? Utamharibia." Akanijibu, "Najua." Akaikamua, akaianika.

Kwenye mwanga wa taa rangi haikujulikana. Mathilde alihisi uzito alipofungwa kiuno, akageuka ghafla, lakini ala za muziki zilikwisha anza na Bwana Ferrand anamsukuma. Akasimama pembeni. Akaikung'uta sketi. Kisha akatoka.

Akaruka, na sketi ikashuka kabla yake, pwaa, kama shuka mbichi. Mtu mmoja kwenye viti vya juu akacheka, kicheko kikaambukiza wengine. Alimaliza akilia. Alirudi kuivua kwa kuirarua, akamtupia Honorine usoni.

"Mchawi wewe! Umeniua!"

Honorine alifukuzwa kesho yake, na Mathilde akarudishwa nyuma. Lakini usiku ule ule wa onyesho, tukizikunja nguo, Honorine alinionyesha pindo la sketi. Palikuwa na tobo jeusi la moto, kubwa kama kiganja cha mtoto, mahali moto ulipoishika alipoikung'uta, ukazimika wenyewe. Akakikata kipande chenye tobo, akakitia mfukoni.

"Mwonyeshe!" nikamwambia. "Mwonyeshe yeye na Ferrand na wote!"

"Akikiona, ataanza kuota moto," akasema. "Mwache anichukie. Ndoto ninaijua mimi."

Mathilde aliacha baleti, akaolewa na muuza jibini wa mtaa wa Batignolles. Kila Jumamosi Honorine alivuka mji kwenda kusimama mbele ya duka lile. Mathilde, kanenepa, mtoto kang'ang'ania sketi yake, alitoka kumtukana mbele ya wateja. Honorine alirudi uso unang'aa. Siku hizo tu ndizo alizolala.

Majira haya ya baridi nimemzika. Nilikwenda dukani kutoa habari, kipande kile kiko mfukoni mwangu.

"Kafa?" Mathilde akasema, huku akichochea jiko na sketi yake pana ikilisugua. "Mungu amsamehe, mimi siwezi. Ningekuwa nani leo, mama Zélie? Siku hizi wanavaa visketi vifupi vinavyosimama kama ukingo wa kofia, wanaviita tutu, na taa ni za umeme. Ningekuwa nani?"

Vidole vyangu vilishakikamata kipande mfukoni. Nilitaka kukibamiza juu ya jibini zake, Mungu ananiona.

"Sogea mbali na jiko," nikamwambia. "Ni kweli. Alikuharibia."

Nikanunua jibini la mbuzi, nikarudi nyumbani, nikakitupa kipande kile kwenye makaa. Kilijikunja, kikatoa moshi, lakini hakikuwaka.